deSolve kwa viumbe wa vijito: hesabu imara, ulinzi mdogo

Ukitaka kufuatilia mwani, mabuu ya wadudu wanaoukwangua juu ya mawe na samaki wanaowala mabuu hayo, anza na deSolve, pakeji ya bure ya lugha ya R. Unaiandikia kasi ya kila kundi kuongezeka na kupungua, kwa gramu kwa mita ya mraba kwa siku, nayo inapiga hesabu ya wingi wa kila kundi siku baada ya siku.

Sifa yake kubwa ni lsoda, njia ya kukokotoa inayotumika usipochagua nyingine. Mwani huongezeka kwa siku chache, samaki kwa miezi. Pengo hilo huzitesa njia zenye hatua zisizobadilika, ilhali lsoda hubadili mbinu na urefu wa hatua kadiri hali inavyodai.

Mafuriko yameandaliwa vizuri pia. Jedwali la events, yaani matukio ya ghafla, lina safu nne: var, time, value na method. Mafuriko yaking'oa asilimia 90 ya mwani siku ya 120, andika 0.1 na "multiply" (zidisha). Siku hiyo isipokuwamo katika times, yaani orodha ya siku unazotakia matokeo, itaongezwa kwa onyo na jedwali la matokeo litarefuka. Kwa hiyo linganisha na vipimo vya kijitoni kwa siku, kamwe si kwa namba ya mstari.

Penye hatari ni hapa: ode, fanksheni ya deSolve inayoendesha hesabu, haikagui majina. Ukianza na mwani, mabuu, samaki, kisha fanksheni yako ikarudisha kasi ya mabuu kwanza, hakuna kosa litakaloonyeshwa. Grafu itatoka safi, na kila mstari ndani yake ni uongo. Hakiki mpangilio kabla ya kugusa kitu kingine.

Namba hasi nazo husumbua. Mabuu yakishuka chini ya atol (kiwango cha kosa kinachovumiliwa) ya kawaida, yaani 1e-6 au 0.000001, kosa la hesabu linaweza kuwa kubwa kuliko mabuu yenyewe. Kuishusha hadi 1e-10 husaidia, lakini dawa hasa ni kuhesabu kwa logi asilia ya wingi wa kila kundi. Mafuriko yaleyale yanakuwa "add" (jumlisha) ya -2.303, ambayo ni logi asilia ya 0.1.

Kwa mabuu yanayosombwa na maji, kikate kijito vipande na utumie ode.1D, fanksheni ya deSolve ya vipande vilivyopangwa mstari mmoja.

Samaki wakibaki 6 tu, usitegemee milinganyo hii: itakupa samaki 2.4 pale ambapo bahati ya kila samaki ndiyo inayoamua kama kundi litatoweka.