Nyota moja au mbili? Bado nina hasira

Naandika kuhusu ofisi ya kusaidia wafanyabiashara wadogo kuuza bidhaa nje ya nchi, na sijui nianze na chai au na semina. Wacha nianze na chai.

Niliingia ofisi hiyo, hapa hapa mjini, kabla ya mvua kuanza. Nilikuwa nimebeba vyondo, vile vikapu vya kusukwa kwa katani, kutoka kwa akina mama ninaofanya nao kazi kule Kitui. Mteja yuko Ujerumani na malipo ya kwanza alikuwa ameshatuma. Nilitaka tu mtu anieleze habari ya makaratasi. Afisa aliyenipokea, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alikitazama kiondo akaniuliza, "Mama, hii ni ya kubebea sukuma?" Halafu akakipindua, akaweka kikombe chake cha chai juu ya kitako. Juu ya kiondo cha mtu! Kazi ambayo mama mzima ameikalia siku na siku, vidole vikimuuma. Kisha akaendelea na simu yake. Aliponikumbuka, akasema nirudi nikiwa na mzigo wa kujaza kontena.

Kontena nzima ya vyondo. Hebu fikiria.

Baadaye wakanialika semina. Ilikuwa maparachichi asubuhi, maparachichi jioni: jinsi China ilivyoanza kupokea maparachichi yetu mabichi mwaka 2022, jinsi uvunaji unavyofungwa msimu fulani ili matunda machanga yasisafirishwe, jinsi ya kupata cheti cha KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea. Mambo mazuri kwa mwenye mparachichi. Nilipoinua mkono kuuliza kuhusu kazi za mikono, nikaambiwa hilo "tutalifikia." Tulifikia chakula cha mchana. Nisiseme uongo, pilau ilikuwa tamu.

Ningeandika haya siku hiyo, wangepata sifuri. Ila kuna dada mmoja wa ghorofa ya juu, simtaji jina wasije wakamsumbua, aliyenikuta kwenye ngazi nikinung'unika peke yangu. Akanikalisha. Kwa muda usiofika saa nzima nikajua kwamba mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi Julai 2024, bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru, lakini lazima uthibitishe kwamba zimetengenezwa hapa. Cheti chenyewe kinaitwa EUR.1, na wanaotoa ni watu wa forodha wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Usipokuwa nacho, mteja wako anaweza kudaiwa ushuru ambao hakupaswa kulipa, na hapo usitarajie oda ya pili.

Akaniuliza pia ninavyopakia. Nikamwambia kimoja kimoja, vizuri, ndani ya katoni. Akacheka. Kumbe mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi inayochukua, lile linalozidi. Kiondo ni chepesi lakini kimejaa hewa, na hewa hiyo unailipia! Akaniambia nimshawishi mteja achukue seti, kikubwa, cha kati na kidogo, vinaingiana. Mteja alikubali. Nauli ilishuka mpaka nikapiga hesabu upya nikidhani wakala amekosea.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota nne. Kweli kabisa.

Halafu juzi rafiki yangu akanitumia picha ya bango lao kwenye maonyesho fulani. Ni vyondo vyangu vile vile, na mimi pembeni nikitabasamu, chini pameandikwa kwamba wao ndio walionifikisha Ulaya. Hawakuniomba ruhusa. Wala akina mama waliosuka hawatajwi popote. Na aliyesimama mbele ya bango akipeana mikono na wageni ni nani? Kijana wa chai!

Ukienda, pita mapokezi kama huoni mtu, panda ngazi, muulize yule dada. Utasaidika. Nimewaandikia waondoe picha yangu, na hadi sasa kimya. Nyota moja. Wakiiondoa na kuwataja akina mama, tutaongea kuhusu ya pili.