Ununue albamu gani ya Junior Wells kwanza: mpangilio wangu, ya kwanza mpaka ya kusubiri

Mdogo wangu kanipigia simu wiki iliyopita, yuko kwenye duka la mtandaoni, hela anayo, anataka kununua muziki wa Junior Wells, yule mwimbaji na mpuliza harmonika wa bluzi, maana kamsikia kwangu mara nyingi, sasa anaona makava kibao na wimbo uleule Messin' with the Kid uko karibu kwenye kila moja. Kaka nibonyeze ipi? Nikamjibu haraka haraka kwenye simu lakini nilivyokata nikaona kuna mengi sijamwambia, ndo naandika hapa yote, na yeyote anayetaka kuanza kukusanya bluzi ya Chicago yamfae.

Kwanza mjue mtu mwenyewe kidogo, itakusaidia kwenye kuchagua. Junior Wells (Amos Wells Blakemore Jr.) kazaliwa 1934, ujana wake ni wa pande za Memphis na Arkansas kabla hajahamia Chicago. 1952 mpuliza harmonika Little Walter alivyotoka kwenye bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gita mkubwa wa bluzi ya Chicago, baada ya wimbo wake Juke kuvuma, aliyeingia nafasi yake ni huyu Junior, kijana hajatimiza hata miaka 18, na Little Walter naye akaenda kuchukua ile bendi aliyoiacha Junior, the Aces. Yaani walibadilishana viti. Junior kafariki Januari 1998, kwa hiyo kuna rekodi za zaidi ya miaka 40 za kuchagua na si zote zina uzito sawa.

Mimi kipimo changu ni kimoja tu: Junior ana nafasi kiasi gani kwenye hiyo rekodi. Kuna wapuliza harmonika wanaojaza kila pengo, yeye sio hivyo. Anapuliza kipande kifupi anaachia, anaimba nusu mstari anaung'ata, anagonga ulimi mdomoni, anaguna, anamsubiri mpiga gita aseme kitu halafu ndo anamjibu. Ule ukimya wa katikati ndo muziki wenyewe. Sasa ukimrundikia wageni maarufu na matarumbeta, utasikia sherehe nzuri lakini yeye hayupo. Hiki kipimo ndo kimepanga kila kitu hapa chini.

Namba moja ni Hoodoo Man Blues, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Delmark, 1965, na hapa sibishani na mtu. Kama hela yako ni ya albamu moja tu mwaka huu basi ni hii. Ilirekodiwa siku mbili tu, tarehe 22 na 23 Septemba 1965, watu wanne: Junior, Buddy Guy kwenye gita, Jack Myers kwenye besi, Billy Warren kwenye ngoma. Basi. Enzi zile bluzi ya Chicago ilikuwa inauzwa kama singo, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja mmoja, dakika tatu wimbo umekwisha, maana ilitakiwa iingie kwenye jukiboksi (mashine ya baa ya kupiga santuri kwa sarafu) na redioni. Bob Koester, mwenye Delmark, ambaye pia alikuwa na duka la santuri palepale Chicago, akamwambia Junior achague bendi anayoitaka mwenyewe na asijali urefu wa nyimbo, wapige kama wanavyopiga klabu usiku. Junior alikuwa anapiga sana Theresa's, klabu ya chini ya ghorofa kule South Side, upande wa kusini wa Chicago, na ukisikiliza hii albamu unaelewa kabisa chumba kilivyokuwa, mtu yuko mita mbili kutoka kwako, hana haja ya kupaza sauti.

Sikiliza wimbo wa kwanza, Snatch It Back and Hold It. James Brown, mwimbaji wa soul, alikuwa ametikisa redio zote mwaka uleule wa 1965 na Junior anamjibu humohumo, lakini kwa watu wanne tu bila hata tarumbeta moja. Besi ya Jack Myers inatembea, gita la Buddy linakwaruza kidogo kidogo, na harmonika inaingia kama mtu anayefungua mlango achungulie kisha afunge. Halafu nenda In the Wee Hours, taratibu, usiku wa manane kweli. Na ule wimbo wenyewe wa Hoodoo Man Blues utasikia gita lina sauti ya ajabu inayozunguka kama lipo ndani ya maji, ampli ya Buddy iliharibika siku ile, wakati inatengenezwa fundi wa studio akaliunganisha gita kwenye spika ya Leslie, zile spika za kinanda cha Hammond ambazo zinazunguka. Ajali ile ndo imeupa wimbo roho. Pia ukikutana na toleo la zamani ambalo mpiga gita ameandikwa Friendly Chap usishtuke, ndo Buddy Guy huyohuyo, walidhani mkataba wake na kampuni ya Chess unamzuia wakamficha jina.

Kuna toleo la kawaida la nyimbo 12 na kuna toleo lililoongezwa, lenye marudio ambayo hayakutumika na maongezi ya studio. Chukua la kawaida kwanza. Lile kubwa ni la mtu ambaye tayari ameshalizoea mpaka anajua wapi Billy Warren anagonga ukingo wa ngoma.

Namba mbili, Southside Blues Jam, Delmark tena, imerekodiwa Desemba 1969 na Januari 1970. Buddy Guy yupo, Louis Myers yupo kwenye gita, Fred Below kwenye ngoma, na kwenye piano ni Otis Spann, aliyekuwa mpiga piano wa Muddy Waters miaka na miaka. Spann alifariki Aprili 1970, kwa hiyo hii ni kati ya rekodi zake za mwisho, na mimi kila nikiisikiliza masikio yanaenda kwake, vidole vinamwagika nyuma ya sauti ya Junior bila kumziba. Nyimbo ni ndefu, maneno mengine Junior anayatunga palepale, kuna mmoja anamuimbia Meya Daley, meya wa Chicago wa wakati ule. Haina mpangilio mzuri kama Hoodoo Man, kuna sehemu inazurura, lakini inazurura kama marafiki wanavyoongea usiku hakuna anayetaka kwenda kulala. Naipenda sana hii.

Namba tatu sio albamu, ni mkusanyiko, na hapa watu wengi ndo wanapotea. Kati ya 1957 na 1963 Junior alitoa singo kwenye lebo ndogo za Chief, Profile na USA, na humo ndo kuna Messin' with the Kid ya kwanza kabisa (1960), Little by Little ambayo iliingia chati ya R&B mwaka huohuo, na Come On in This House. Gita kwenye nyingi ni Earl Hooker, jamani huyo mtu alikuwa na mkono, slaidi yake (kile kibomba anachotelezesha juu ya nyuzi) inalia kama binadamu. Sasa ujue kabla hujalipa: nyingi ya nyimbo hizi harmonika ni kidogo sana au haipo kabisa, ni Junior mwimbaji, na saksafoni nyuma. Utasema mbona umevunja kipimo chako? Hapana, nafasi anayo, ila ni ya sauti. Kuna uchungu kwenye uimbaji wake wa hii miaka ambao baadaye aliubadilisha ukawa uchangamfu. Makusanyo ni mengi na majina tofauti, moja linaitwa Calling All Blues, usihangaike na jina wala picha, geuza nyuma usome: kama yameandikwa majina ya Chief na Profile na miaka 1957 mpaka 1963, ndo penyewe. Kama hakuna miaka wala majina ya wapigaji, achana nalo hata kama bei ni ya kutupa. Nimeshanunua la hivyo, la nyimbo bora bora, kufika nyumbani nusu ni laivu za miaka ya mbele zenye sauti mbovu.

Namba nne ni Chicago/The Blues/Today! ya lebo ya Vanguard, kazi ya mtayarishaji Samuel Charters, ilitoka 1966. Junior ana nyimbo tano tu kwenye juzuu ya kwanza, imerekodiwa muda mfupi baada ya Hoodoo Man, na ule wimbo wa kumkumbuka mpuliza harmonika Sonny Boy Williamson aliyefariki Mei 1965 unanikata kila mara. Kuna Vietcong Blues pia, vita vya Vietnam vinawaka na yeye anaimba kuhusu ndugu aliye huko. Ushauri wangu nunua juzuu zote tatu kwa pamoja, zinauzwa seti moja, maana humo ndani unapata pia James Cotton na Big Walter Horton, wapuliza harmonika watatu wakubwa wa mji mmoja kwa hela moja, utajifunza kumtofautisha Junior na wenzake kwa sikio lako mwenyewe. Kwa thamani ya hela pengine hii ingekaa namba mbili, nimeishusha kwa sababu tu Junior mwenyewe ni robo saa na ushee.

Ya tano Blues Hit Big Town, hizi ni rekodi za ujanani, 1953 na 1954, alizofanya kwa lebo ya States, Delmark wakaja kuzikusanya baadaye. Wamo the Aces, yumo Elmore James wa gita la slaidi, yumo Muddy Waters. Hapa ndo harmonika imejaa, kijana ana njaa, na kuna Hoodoo Man ya kwanza kabisa uilinganishe na ya 1965. Sauti ni ya zamani, ina vumbi. Kama masikio yako yamezoea muziki wa studio za leo usianzie hapa.

Ya sita Come On in This House, albamu ya lebo ya Telarc, 1996, karibu miaka miwili kabla hajafa. Hii niliipuuza muda mrefu kwa sababu ya orodha ya wageni, wapiga gita wengi, Sonny Landreth, Alvin Youngblood Hart, Corey Harris, Derek Trucks akiwa bado kijana mdogo. Nilikosea. Gita nyingi ni za kavu, yaani zisizo za umeme, wanapiga kwa adabu, wanamuachia mzee chumba. Sauti imechoka kidogo na uchovu huo unakaa vizuri kwenye nyimbo za taratibu. Kwa anayependa sauti safi ya kisasa inaweza kuwa ya pili kwake baada ya Hoodoo Man.

Alone & Acoustic nayo ni albamu ya kutafuta, Junior na Buddy wawili tu, Paris 1981, lebo ya Alligator ikaitoa tena 1991. Nafasi imejaa tele humo lakini Buddy ndo anayeongoza zaidi, kwa hiyo kama umekuja kwa ajili ya harmonika utangoja. It's My Life, Baby! ya Vanguard ina vipande vya laivu klabu ya Pepper's, nzuri, nunua ukiikuta.

Sasa ile ambayo duka litakuonyesha mwanzo kabisa ni Buddy Guy & Junior Wells Play the Blues, 1972, kwa sababu Eric Clapton, mpiga gita maarufu wa Uingereza, yupo na jina lake linauza. Sio mbaya jamani, A Man of Many Words ya Buddy ni moto. Ila pima kwa kipimo chetu, watu wamejaa, Junior anakuwa mgeni kwenye albamu yake. Iache mpaka uwe na nne za juu.

Kuhusu namna ya kununua. Mimi nakaa Dar na nimeagiza santuri toka nje mara kadhaa, moja ilifika imepinda kama sahani ya bati iliyokaliwa, muuzaji akasema ilitoka kwake nzima, hela ikaenda. Joto la huku na santuri havipatani, ikikaa kwenye gari au ghala mchana mmoja imekwisha, na juu yake kuna usafirishaji na ushuru. Kwa hiyo kama huna mashine ya santuri tayari usianze kwa sababu ya Junior, nunua CD au faili za kupakua, na faili chukua zile zisizobanwa (ambazo sauti haijapunguzwa ili faili liwe dogo) ukipata, kwa sababu muziki wa watu wanne wenye ukimya mwingi ukibanwa ile hewa ya chumba inapotea kwanza kuliko kitu kingine chochote. Mdogo wangu yeye nimemwambia anunue Hoodoo Man kwa CD, akae nayo mwezi mzima, CD hiyo moja tu, ndo anipigie tena.