Miezi kumi katika klabu mpya ya jimnastiki, Columbus

Mwezi Mei mwaka jana tulimhamisha binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11 na alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza wa daraja la 6 katika mashindano ya vijana ya shirikisho la jimnastiki la Marekani, kutoka klabu aliyoanzia akiwa na miaka mitano kwenda klabu nyingine iliyoko kaskazini mwa Columbus, Ohio. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenzangu wa huku wanaozungumza Kiswahili, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta ushauri, kila niliyemuuliza aliishia kunieleza habari za mpira wa miguu. Klabu zote mbili sizitaji kwa majina: mtoto bado anashindana, na katika mchezo huu makocha na waamuzi wa jimbo moja hujuana wote.

Kilichotuhamisha ni kifundo cha mkono. Katika umri huo ncha za mifupa bado zinakua, na jimnastiki huitwika mikono uzito ambao kwa kawaida hubebwa na miguu, kwa hiyo maumivu ya kifundo si jambo la kufungia bandeji na kuendelea. Ndivyo alivyofanyiwa, hata hivyo, na alipolalamika tena wiki ya tatu aliambiwa kwamba wenzake nao wanaumia na hawasemi. Daktari wa mifupa alimkataza kuegemea mikono kwa wiki sita.

Tulitembelea klabu tatu, na katika kila moja tuliomba afanye mazoezi ya siku moja ya majaribio. Vikombe vilivyopangwa ukutani sikuvitazama sana, kwa kuwa havisemi lolote kuhusu watoto walioacha. Nilitazama watoto walioumia wanafanya nini. Katika klabu ya kwanza msichana mwenye bandeji ya goti alikuwa amekaa benchi na simu yake kwa saa nzima. Ya pili ilikuwa na kocha anayesifiwa na kila mtu, lakini wazazi hawaruhusiwi kutazama mazoezi, nami nikaishia hapo. Katika ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichagua, palikuwa na msichana aliyefungwa mguu, ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono ikimwelekeza mazoezi ya mabega, ya tumbo na ya kunyoosha viungo, na kocha alimjia mara mbili kuona amefika wapi.

Kuhusu usalama wa watoto sikutaka kutegemea sura ya mtu. Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, alihukumiwa Januari 2018 huko Michigan kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwadhalilisha kingono wasichana aliopaswa kuwatibu, na baadhi yao walikuwa wamesema mapema bila kusikilizwa. Sasa kuna kituo cha kitaifa, SafeSport, kilichoanza kazi mwaka 2017, ambacho huweka hadharani kwenye intaneti majina ya watu waliochukuliwa hatua. Niliingiza jina la kila kocha kabla ya kulipa hata senti moja. Kanuni zake zinataka mtu mzima anayekutana na mtoto peke yake awe mahali panapoonekana na panapoweza kuingiliwa na mwingine, na ujumbe wa simu kwa mtoto upelekwe pia kwa mzazi. Ujumbe wa kwanza wa kocha mpya ulitufikia mimi, baba yake na mtoto kwa pamoja, bila sisi kuomba.

Jambo lililotuuma ni kwamba kocha huyo alipendekeza binti arudie daraja la 6. Baba yake alilichukua kama kuteremshwa, na nakiri kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuwatangazia ndugu huko nyumbani kwamba mtoto anaingia la 7. Kocha alitujibu kwa upole, akatuonyesha kwenye video jinsi mabega yanavyolegea anapozunguka kwenye vyuma vya kuning'inia, kasoro iliyofichwa na alama nzuri za msimu uliopita. Alikuwa na haki, na sasa ninamshuku kocha yeyote anayemwahidi mzazi daraja siku ya kwanza.

Kwenye boriti ndipo tofauti ilipoonekana zaidi. Boriti, ule mhimili mwembamba ambao msichana hutembea na kuruka juu yake, ina upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 125, na binti alikuwa ameingiwa na woga wa kuruka kinyumenyume kwa mikono, pigo ambalo zamani alilipiga bila kufikiri. Hakufokewa. Alirudishwa kwenye mstari uliochorwa sakafuni, kisha kwenye boriti ya chini, kisha kwenye boriti ya juu iliyozungushiwa magodoro mpaka usawa wake, na magodoro yakawa yanaondolewa moja baada ya jingine. Ilichukua wiki saba, na godoro la mwisho aliliburuta mwenyewe.

Kuanzia daraja la 6 kila msichana huwa na mtiririko wake wa miondoko ya sakafuni na muziki wake. Binti alitaka Bongo Fleva, lakini kanuni haziruhusu maneno katika muziki, basi mjomba wake wa Unguja akamtumia bashraf, ile taarabu ya kufungulia shughuli ambayo haina mwimbaji. Mwalimu wa miondoko hakuwahi kusikia kanuni, ile ala ya nyuzi, ikipigwa, na aliisikiliza mara tatu kabla ya kuanza kumpangia hatua.

Kasoro zipo. Tunalipa dola 430 kwa mwezi kwa saa 15 za mazoezi kwa wiki, na humo hamna ada za mashindano, vazi la mashindano wala mchango wa safari za makocha. Hesabu kamili tuliipata Septemba, wakati tayari tumejifunga. Ofisi hujibu barua pepe ikijisikia. Kona moja ya zulia la sakafu imepoteza mnesanesho, na watoto wenyewe wamejua kuikwepa. Safari ni dakika 35 kwa barabara ya I-270, mara nne kwa wiki, na chakula cha jioni chetu sasa huliwa saa tatu usiku.

Anayefikiria kuhama asubiri mashindano ya jimbo yaishe, kwani kwa daraja la 6 kwenda juu msimu huwa kuanzia Januari hadi majira ya kuchipua, na miezi ya kiangazi ndiyo ya kujifunza mapigo mapya. Asome pia mkataba wa klabu anayoiacha. Sisi mwezi Mei tuliulipia mara mbili, kwa sababu ule wa zamani ulidai taarifa ya siku 30, nami niliusoma siku ya kwenda kuchukua begi la mtoto.