Saratani ya bomba la hewa kwa paka: kisu au dawa?

Kipande cha uvimbe kipimwe maabara kwanza, kabla ya kumpa paka prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Dawa hiyo husinyaza limfoma (saratani ya chembe za kinga) na kupotosha majibu. Paka anayehema mdomo wazi apewe oksijeni kabla hata ya kushikwashikwa.

Kama ni kasinoma (saratani ya utando wa ndani ya bomba) iliyokaa sehemu moja, kisu, yaani upasuaji, ndicho chenye nafasi. Daktari hukata pingili chache za gegedu pamoja na uvimbe, kisha huunga ncha mbili. Zikivutana, mshono hufumuka, ndiyo maana shingo huachwa imeinama kwa siku kadhaa. Tundu la kudumu la kupumulia shingoni liwe njia ya mwisho kabisa: makamasi ya paka huliziba ghafla, akafa.

Limfoma ni habari nyingine. Hapo tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, hutangulia. Vinkristini, saiklofosfamidi na doksorubisini hupokezana kwa miezi kadhaa, pamoja na prednisoloni. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo kanula (kijirija cha kupitishia dawa mshipani) iwe mpya na mshipa uchomwe mara moja tu. Chembe nyeupe za damu zihesabiwe siku ya 7 hivi baada ya dozi. Zikishuka mno, dozi ingoje. Doksorubisini huweza kuumiza figo, nazo zipimwe. Sisplatini, dawa nyingine ya saratani, paka asipewe kamwe: mapafu yake hujaa maji.