Jarida la habari msimu wa uchaguzi: nyota 2 kati ya 5

Hili jarida nalilipia kitambo na kurasa za uchumi wako vizuri, haki yao nawapa, ila ukifika uchaguzi wa rais aisee wanajianika wenyewe. Angalieni picha tu, mgombea wao anapigwa picha kutoka chini, mwanga safi, anatazama mbali kama anaiona kesho, huyu mwingine lazima wamkamate mdomo wazi jasho linamtoka. Maneno ndo usiseme, mmoja "anafafanua" mwenzake "anadai", na kura za maoni zikimbeba wa kwao zinakaa mbele, zikigeuka zinasukumwa nyuma huko na eti tofauti iko ndani ya kiwango cha makosa, yaani ni ndogo mno kusema nani anaongoza (kweli kabisa, ila mbona wiki iliyopita hamkusema?). Sisemi wanadanganya, takwimu nyingi nimezicheki ziko sawa, shida ni wanachochagua kuacha. Makosa ya kawaida mi nasamehe, hata 2016 toleo maalum la Newsweek, jarida la Marekani, lenye Hillary Clinton kama rais lilisambazwa kabla matokeo hayajatoka na la Trump pia lilikuwa limeandaliwa. Hawa ni kila toleo. Maoni yao wangeyaweka kwenye safu ya mhariri nisingelalamika. Nyota 2, zote za uchumi.