Oxford Advanced Learner's Dictionary: thamani iliyo katika alama ndogo

Kazi yangu ni kuhariri ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na watu waliokulia katika Kiswahili, na toleo la 8 la kamusi hii, la mwaka 2010, haliondoki mezani pangu. Wengi huinunua ili wapate maana za maneno. Mimi naithamini zaidi kwa zile alama zinazotangulia maana, hasa kwenye nomino dhahania, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha nomino hufuatwa na kihusishi gani na kama inaweza kubeba kishazi.

A-unganifu yetu, yaani «la», «ya», «wa» na wenzake, ni mtumishi wa kila kazi. Twasema ongezeko la bei, sababu ya kuchelewa, uwezo wa kusoma, uwezekano wa kusoma, na hakuna anayejikwaa. Mwandishi huyohuyo akihamia Kiingereza hupachika «of» kila mahali, ndipo ninapokutana na «reason of the delay». Kamusi inamsahihisha papo hapo: «reason» hutaka «for»; «increase» hutaka «in» kwa kitu kilichoongezeka, huku mifano ikionyesha «of» kwa kiasi cha ongezeko; «ability» hufuatwa na «to» na kitenzi, ilhali «possibility» hupokea «of» na kitenzi chenye «-ing», au kishazi cha «that».

Kosa sugu kuliko yote hutokana na «ya kwamba». Wiki iliyopita nilifuta «of» mara tatu katika ukurasa mmoja, kwa sababu «madai ya kwamba kisima kimekauka» yalikuwa yamegeuka «the claim of that the well has dried up». Chini ya «claim» kamusi inaweka «that» peke yake, bila kihusishi mbele yake, na mfano mmoja wa namna hiyo humfaa mwandishi kuliko maelezo yangu marefu ya pembeni.

Dosari yake ni ufupisho. Alama ya kiwimbi (~) inayosimama badala ya neno, pamoja na «sb» (somebody, mtu) na «sth» (something, kitu), humchanganya mwanafunzi wa sekondari asiye na mwalimu wa kumfungulia. Mabano nayo yana maana yake: kilichomo kinaweza kuachwa, lakini kikitumika hakibadilishwi, jambo ambalo wengi hawalitambui. Kwenye tovuti ya kamusi, ambayo haina malipo, miundo hiyo imeandikwa kwa ukamilifu, na huko ndiko ninakowaelekeza wanaoanza.