Blender kwa tangazo la kuombea kazi studio
Kwa anayetaka studio zione mkono wake, Blender, programu ya kompyuta ya kuunda picha na video za 3D, inatosha kabisa, na ni ya bure. Sekunde 15 zatosha: chupa moja ya manukato, taa tatu, kamera ikisogea taratibu. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 360. Fremu ikila dakika 3 kwenye Cycles, injini ya Blender inayokokotoa mwanga na kutoa picha, hesabu saa 18. Toa picha za PNG mojamoja, si MP4: umeme ukikatika, video huharibika yote, lakini picha zilizokwisha kutoka hubaki salama.

Kinachosumbua ni kioo. Sampuli, yaani miale ya mwanga inayokokotolewa kwa kila nukta ya picha, zikiwa chache, kisafisha chembe (denoiser) huacha madoa yanayochezacheza shingoni mwa chupa, na jicho lililozoea huyaona mara moja. Bora upunguze sekunde, uongeze sampuli.